Anti, mdogo wangu yuko Helsinki siku hizi ni kulala tu

SWALI: Anti shikamoo. Niko Tabata, mdogo wangu wa kiume anasoma Helsinki, Finland, huu mwaka wake wa pili. Alivyofika mwezi wa 8 alikuwa fresh kabisa, mapicha kila siku, ila ilivyofika Novemba simu akawa hapokei, akipokea anaongea kama kaamshwa, analala masaa 11 na bado kachoka, anakula mikate na wali mpaka kanenepa, darasani haendi. Mwezi wa 4 akarudi sawa tukajua yameisha, sasa hivi tena vilevile. Mama anasema mtoto kachezewa, ameshapata namba ya mganga Bagamoyo. Baba anamwambia aache uvivu wenzake wanaitafuta hiyo nafasi. Nishike lipi? – Dada mtu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hela ya mganga ishikeni kwanza. Uchawi gani huo unaingia Novemba na kutoka Aprili kama mpangaji?

Hayo uliyoyaandika, kulala sana, hamu ya wanga, kunenepa, kujitenga, halafu yanajirudia msimu uleule, yanafanana sana na sonona ya majira (depression inayokuja na msimu), ingawa atakayethibitisha ni daktari, mi nasoma barua tu. Na wala sio baridi, maana sisi tukisikia Ulaya tunakimbilia Karume kumtafutia mtu koti la mtumba zito, kumbe kinachomuumiza ni mwanga. Hapa Dar jua linatoka saa 12 hivi asubuhi linazama saa 12 na kitu jioni mwaka mzima, hata hatulifikirii. Helsinki mwezi wa 12 linachomoza saa 3 na dakika 20 hivi asubuhi, saa 9 alasiri na dakika chache limeshazama, hapo bado mawingu. Saa ya mwilini inategemea mwanga wa asubuhi ili ijue kumekucha, ukikosekana usingizi na mudi vyote vinavurugika.

Aliyeupa huu ugonjwa jina mwaka 1984 na wenzake ni daktari anaitwa Norman Rosenthal, mzaliwa wa Johannesburg, alihamia New York, winter zilivyoanza na yeye akajikuta ananyong'onyea. Msimulie baba hiyo, daktari mzima, naye alikuwa mvivu?

Sasa tiba. Kuna taa maalumu za lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga, taa za ndani za kawaida ni kama 300 mpaka 500), mtu anakaa mbele yake nusu saa asubuhi akishaamka, macho wazi ila haikodolei, anaweza hata kunywa chai hapohapo. Lakini asikimbilie kununua kabla ya kuonana na daktari, hasa kama ana shida ya macho au amewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupitiliza, usiku kucha halali na hela anamwaga, maana taa inaweza kumrudisha huko. Kuna pia tiba ya mazungumzo na dawa za sonona. Vitamini D akishauriwa anywe, asidhani tu ndo imemaliza kazi. Na mchana atoke nje hata kama kuna mawingu, mwanga wa nje bado unaishinda taa ya chumbani kwa mbali. Wanafunzi wa vyuo huko wana huduma yao ya afya inaitwa YTHS na mambo ya akili wanashughulikia, aanzie hapo wiki hii. Akianza kuongelea kufa au kwamba yeye ni mzigo, msisubiri miadi, apige 112, namba ya dharura ya huko, na nyie mtafuteni mtu wa karibu naye aende mlangoni.

Upande wenu, kama kuna simu za usiku za kumkumbusha ada na wenzake, acheni, zinamzamisha. Winter wako nyuma yetu saa moja, we mpigie saa 3 asubuhi yako, kwake saa 2, muulize tu leo umetoka nje? Umekula nini? Mama naye usimgombeze, ana hofu ya mtoto, aendelee na dua, namba ya Bagamoyo aifute. Na mwakani akikubaliana na daktari wake taa aanze kuiwasha mapema kabla giza halijamkuta kitandani. Uniandikie mwezi wa 3 uniambie anaendeleaje.