Mtoto anataka kutengeneza michezo ya kompyuta, mama hajui kompyuta

SWALI: Mwalimu, mtoto wangu wa kiume ana miaka 10, yuko mwaka wa tano wa shule ya msingi. Mjomba wake ametuachia laptopu ya zamani, na sasa mtoto anasema atatengeneza michezo yake mwenyewe. Mimi nauza vitenge sokoni Kadutu, mambo hayo siyajui kabisa. Umeme unakatika kila mara, na mega za intaneti zinakula pesa. Nianzie wapi?
Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, usiogope kutojua kwako. Wazazi wanaojua ndio wanaonihangaisha: mtoto akikwama kidogo tu, wanamnyang'anya laptopu na kumrekebishia.

Siku umeme haupo, chora miraba uani kwa mkaa. Mdogo wake asimame ndani, yeye aandike amri kwenye karatasi: hatua mbili mbele, geuka kulia, hatua moja. Mdogo afuate kama ilivyoandikwa, hata ikimfikisha ukutani. Hiyo tayari ni programu. Lugha ya kompyuta iitwayo Logo, waliyoianzisha mwanahisabati Seymour Papert na wenzake mwaka 1967, ilikuja kuwafundisha watoto hivyohivyo, kwa kumwamuru kobe wa kompyuta atembee na kuchora.

Kwenye laptopu, weka Scratch, programu ya watoto ya kutengenezea michezo na michoro. Ni ya bure, ilitolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, na imekusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto anaburuta vipande vya amri na kuviunganisha. Mtu mwenye intaneti akupakulie mara moja kwenye flashi. Ukishaiweka, mega hazihitajiki tena. Toleo la sasa linataka Windows 10 au zaidi. Laptopu ikiwa ya zamani zaidi, tafuta toleo la 1.4. Toleo jipya lina Kiswahili na Kifaransa. Mimi ningeanza na Kiswahili, akili yake ishughulike na mpangilio wa amri tu. Kifaransa anakipata darasani.

Kazi ya kwanza iwe kuchora mraba kwa kalamu ya Scratch: rudia mara 4, sogea hatua 100, geuka digrii 90. Usimpe hiyo 90, aitafute. Akiweka 60, mchoro utabaki wazi. Hapo, mama, ndipo kazi yako ilipo. Muulize: ulitaka ifanye nini? Imefanya nini? Ni amri ipi iliyoipeleka huko? Kisha nyamaza, hata akinuna. Huenda akaiacha 60 na kurudia mara 6, akapata umbo la pande sita ambalo hakulikusudia. Mwache alifurahie, halafu umuulize pembetatu itahitaji digrii ngapi. Mtoto aliyefika kwenye 120 kwa kujaribu mwenyewe haisahau.

Ahifadhi kazi kila anapomaliza sehemu, maana betri za zamani hazidumu umeme ukikatika. Kozi za kulipia na vyeti, viache kwa sasa. Python, lugha ya kompyuta ambayo amri zake huandikwa kwa maneno, itamfaa atakapoanza kulalamika kwamba vipande havimtoshi.