Usimwamini mtoto anayeimba ba-be-bi-bo-bu

Darasa la kwanza likianza kuimba ba-be-bi-bo-bu, huwezi kumjua asiyejua kusoma. Mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili, anaweza kuimba chati nzima macho yakiwa dirishani. Mwonyeshe "bo" peke yake, uone: ananong'ona wimbo tangu mwanzo mpaka aifikie. Mimi hapo ndipo naanza kumtilia shaka.

Kingine ni kasi. Kiswahili kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, hivyo wengi wao hatimaye husoma neno sawasawa, ila kwa jasho. Anasoma ka-la-mu, akifika "mu" ameshaisahau "ka". Nyumbani wanamwita mvivu, shuleni anachapwa. Mpelekeni kwanza akapimwe macho na masikio. Na kama kwa lugha ya kwao l na r ni sauti moja, kusoma "kura" kuwa "kula" si ugonjwa wala disleksia.

Njia ninayoifuata inatokana na kazi ya daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, Marekani, miaka ya 1930: sauti moja moja, kwa mpangilio, bila kubahatisha neno kwa kutazama picha. Wao walikuwa na Kiingereza, kwa hiyo mpangilio wa Kiswahili inabidi tuupange wenyewe. Naanza na irabu tano, kisha m, s, l na n, kwa kuwa zinavutika: mmmaaa. Nataja sauti, sitaji jina la herufi. Ukimwambia m ni "me", atakusomea "ma" kuwa "mea", na utamlaumu kwa lipi? B na d nazitenganisha kwa wiki kadhaa.

Vifaa ni vizibo vya soda na sinia lenye mchanga. Nasema "sima", anasukuma kizibo kimoja kwa kila sauti, vinne. Kisha anaandika mchangani kwa kidole huku akitamka. Akishashika, nampa maneno yasiyo na maana, "sulo", "nemi", maana hayo hayana wimbo wala picha ya kumwokoa.

Shughuli yenyewe iko kwenye herufi zilizoshikana: mb, nd, ng, ng', halafu mbw na nyw. Tazama "mbuzi": mbu-zi, silabi mbili. Sasa tazama "mbu": m-bu, nazo mbili! Herufi ni zilezile tatu. Watoto wengine hupita hapo bila hata kujua kuna shimo. Huyu wetu hukwama na kununa, na ana haki ya kununa. Funga kitabu. Apige makofi kwanza, mbu-zi, m-bu, mpaka sikio likate lenyewe, ndipo arudi kwenye maandishi.

Maneno marefu usimwache ayakate silabi kwa silabi. "Hawatatupikia" ina silabi saba, atachoka njiani. Mkatie vipande vyenye maana: ha-wa-ta-tu-pikia. Hizo ha, wa, ta na tu ziandike kwenye kadi, kwa sababu atakutana nazo kila ukurasa. Lugha yetu imetuwekea msaada huu bure, na sijui kwa nini tunausubirisha hadi masomo ya sarufi ya madarasa ya juu.

Dakika 20 kila siku zinazidi saa mbili za Jumamosi. Wakati huohuo endelea kumsomea hadithi ngumu kuliko anazoziweza, kwa kuwa akili yake haina sababu ya kuyasubiri macho.

Ombi langu kwa wazazi: msikimbilie kumhamishia shule ya Kiingereza mkidhani tatizo ni shule. Mtoto anayehangaika na lugha ambayo a ni a daima, mnampeleka kwenye "cat", "cake" na "call". Asubiri kwanza aweze kusoma ukurasa wa Kiswahili bila kuishiwa pumzi. Ada ya muhula mmoja huko mara nyingi ingemlipa mwalimu wa kukaa naye jioni.