Picha imejaa chenga, inaeza rudi?

Wiki hii karibu maswali yote ni ya picha zilizoharibika, so nimeyaweka pamoja.

CCTV ya duka yangu Githurai ilinasa gari ya wezi lakini plate haisomeki. Nikizoom si itatokea?

Pole sana kaka. Kuzoom kunakuza tu zile nukta (pixel) ziko. Plate zetu ziko na herufi na namba saba, sasa kama plate yote imechukua nukta 14 kwa upana, kila moja imepata mbili, na kwa nukta mbili B na 8 ni kitu kimoja. Lakini usikate tamaa juu uko na video, si picha moja. Gari ikisonga kila fremu inaikamata ikiwa imesogea kidogo, na hiyo tofauti ndogo ndio dawa, fundi akizipanga vizuri fremu moja juu ya ingine anapata vitu hazikuwa kwa fremu yoyote peke yake. Chenga pia zinapungua, ukichanganya fremu 16 zinabaki kama robo. Ila toa video yenyewe kwa DVR, ile mashine inarekodi kamera, leo leo kabla irekodiwe juu, usipeleke ile ulijitumia WhatsApp, hiyo imeshafinywa.

Mimi nilipitisha uso wa mshukiwa kwa AI ikatoka safi kabisa. Niiweke kwa grupu ya estate?

Usiiweke, nakuomba. Huo uso umechorwa na programu iliyoona nyuso nyingi za watu wengine, inachofanya ni kutafuta uso ambao ukiufifisha unafanana na ile picha yako, na nyuso za aina hiyo ziko nyingi sana. 2020 programu moja ya hivyo ilipewa picha ya Obama iliyofifia ikatoa mzungu. Obama! Na hapa kwetu tunajua vile hufanyika mtu akiitiwa mwizi.

Mtoto wangu ameandikiwa MRI, nikaambiwa siku hizi mashine inaruka vipimo ndio imalize haraka. Si itakosa ugonjwa?

Swali nzuri mama, na uko na haki ya kuuliza. MRI haipigi picha kama simu, inakusanya vipimo pole pole halafu kompyuta inajenga picha, na mtoto akichezacheza ndani picha inaharibika, so kumaliza haraka ni faida kwake. Sasa mbona inawezekana kuruka? Picha ya mwili si chenga tupu, iko na sehemu kubwa zinafanana na mipaka kati yazo, kwa hivyo inaeza andikwa kwa namba chache. Mwaka 2006 wanahesabu Candès, Romberg na Tao, na Donoho pia, walichapisha hesabu inayoonyesha kwamba ukiruka vipimo bila mpangilio, halafu utafute picha rahisi zaidi inayokubaliana na vile ulipima, unaeza ipata sawa. Kuna kikomo lakini, ukiruka kupita kiasi vitu vidogo vinapotea, ndio maana unafaa kumuuliza daktari wa picha kama hiyo njia inatosha kwa kile wanatafuta kwa mtoto.

Picha ya harusi ya babu imekunjika, mstari umepita kwa koti.

Hiyo ni rahisi, kitambaa cha kando kinatosha kujaza. Ingekuwa ni jicho limetoka ningekwambia utafute picha yake ingine.

Basi ile picha ya black hole ya 2019, ile pete ya mwangaza huko angani, pia wanasayansi walijichorea?

Hapana, na hilo ndilo swali walijiuliza wenyewe. Darubini walizotumia zilikuwa chache, zimetawanyika duniani, mapengo mengi, kwa hivyo kuna picha kibao zingekubaliana na hiyo data. Wakajigawa timu nne, kila moja ikafanya kivyake bila kuonyeshana, na programu zao zikajaribiwa kwa data ya kutengenezwa, maumbo mengine hata hayakuwa pete, waone kama zitalazimisha pete. Timu zilipokutana na kufungua kazi zao, zote nne zilikuwa na pete.