Huanglian si ya kumpa mtoto mchanga

Ndugu muulizaji, umeuliza kama huanglian uliyonunua inaweza kutibu vidonda vyako vya mdomoni, na kama unaweza kumpa pia mwanao wa wiki mbili.

Huanglian ni shina la ardhini la mmea uitwao Coptis chinensis, lenye matawi yaliyopinda kama kucha za kuku. Ukilivunja, ndani ni la manjano iliyokoza, na uchungu wake hauondoki ulimini upesi. Katika tiba ya jadi ya Kichina imehesabiwa miongoni mwa dawa za kuondoa joto na unyevu mwilini, ikitumika kwa kuhara, kutapika na vidonda vya mdomo, kwa kawaida gramu 2 hadi 5 kwa siku, ingawa waganga wenyewe huwaonya wenye tumbo dhaifu wasiitumie kwa muda mrefu.

Mtoto usimpe kabisa, nakusihi. Kiini cha huanglian, berberini, kinaweza kuzidisha umanjano wa watoto wachanga, hasa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD (kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao si haba katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa sababu hiyo Singapore iliipiga marufuku tangu 1978 kwa miongo zaidi ya mitatu. Nawe, maadamu unanyonyesha, usiinywe. Sukutua kwa maji ya chumvi, na vidonda visipopona ndani ya wiki mbili, mwone daktari.