Sapu ya Takwimu na simu niliyoiacha kwa Mangi

Juzi usiku msomaji mmoja, mwanachuo wa mwaka wa pili huko Mbeya, aliniandikia: "Dada, nina sapu mbili. Nikifungua daftari tu nasinzia. Mzuka wa kusoma umeisha kabisa." Sapu ni ule mtihani wa kurudia somo ulilofeli. Nikaanza kumjibu mistari miwili, nikajikuta nimeandika gazeti. Basi nikaona niliweke hapa.

Mimi nilifika chuo na divisheni wani ya shule ya kata, picha yangu baba ameituma kwenye kila grupu la ukoo. Bumu la kwanza, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, lilipoingia nilinunua simu, kisha viatu. Zamu ya vitabu haikufika. Vipindi vya saa moja asubuhi niliwaachia wenye geto za karibu, nikijiambia madesa yapo, zile notsi za kunakili, nitayameza wiki mbili kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semista.

Na semista ya kwanza ikanikubalia! Ya pili ndiyo iliyoniumbua. Takwimu niliingia chumba cha mtihani na koswek, alama za kazi na majaribio ya semista, ya 17 kati ya 40. Siku matokeo yanatoka nilikuwa kwenye daladala, mtandao unazunguka, ukurasa unafunguka kidogo kidogo kutoka juu. Masomo matano yako sawa. La sita: 38, D, na mbele yake neno SUPP. Nilizima simu nikajifanya natazama nje.

Lakini kilichoniuma zaidi si ile 38. Wenzangu wa diskasheni, watu niliowapikia wali maharage getoni kwangu, walifungua grupu jingine la WhatsApp bila mimi. Nililiona kwenye simu ya mmoja wao: "Walio Siriasi". Mpaka leo nikikutana nao mjini nasalimia, nacheka, ila sijasahau.

Sapu ilikuwa Septemba. Wiki tatu nzima niliusubiri huo mzuka. Nilisikiliza wahamasishaji mpaka bando likakata. Najisikia simba kwa nusu saa, halafu nalala. Aliyeniokoa ni Mangi wa dukani. Kila siku saa mbili asubuhi nilimpelekea simu aichaji, shilingi mia tatu, hata kama imejaa. "Mangi, usinipe mpaka saa sita." Siku ya tatu nikarudi saa tatu, nadai nina dharura. Akaniangalia. "Dharura ya Instagram?" Akaendelea kupima sukari.

Nikarudi na aibu zangu, nikatoa pepa ya mwaka uliopita, lile swali la uwezekano lenye mipira myekundu na myeusi kwenye mfuko. Nikakosa. Nikalirudia. Mara ya nne jibu likatoka, nikapiga kelele peke yangu chumbani. Mzuka ulikuja hapo, nikiwa nimeshakaa saa nzima.

Kwa hiyo mdogo wangu, kaa. Usisubiri kujisikia. Simu itoke chumbani, isiwe chini ya mto wala kwenye begi. Usisome desa kama unasoma gazeti. Lifunge, andika ulichobaki nacho, utashangaa ni kidogo kiasi gani. Rafiki anayekuita kijiweni saa nne asubuhi siku ya kazi hakupendi, hata akikununulia chipsi. Na simu. Najua nimeshasema, nasema tena.

Nilimaliza na GPA ya 3.6, upper second, yaani daraja la pili la juu. Takwimu kwenye transkripti inasomeka C, maana chuoni kwetu sapu hata upate 90 unaandikiwa C. Wawili wa "Walio Siriasi" walimaliza chini yangu. Sijisifu, nataarifu tu.

Wewe wa Mbeya, kesho saa mbili asubuhi anza na pepa moja, swali moja, hata ukikosa. Ukilimaliza niandikie. Ila meseji yako ikiingia kabla ya saa sita, nitajua simu iko mkononi, na sitaijibu.