Usiitizame ile filamu kabla hujakimaliza kitabu

Juzi mdogo wangu kanipigia simu, ananambia dada mie nshaitia The Hunger Games kwenye flashi, leo usiku naitizama. Nkamuuliza kitabu umesoma? Akasema kitabu cha nini ilhali muvi ipo. Nkamwambia subiri, subiri kwanza, nipe wiki moja tu. Sasa nkaona haya niyaandike kabisa maana si yeye peke yake, watu wengi nnaokaa nao wanasema hivohivo, na mwisho wa 2026 imepangwa kutoka filamu nyengine ya hadithi hizi, ya kile kitabu cha Sunrise on the Reaping kilichotoka Machi 2025, kwa hivo najua watu watakuja mbio kutizama bila ya kusoma.

Mie hichi kitabu cha mwanzo nlipewa dakhalia. Kilikuwa kimepita mikono hata ganda lake halipo tena, kimeshonwa na uzi mweupe ubavuni. Nkakifungua ndani ya meli ya usiku, nakwenda nyumbani Wete likizo, nkasema nisome kurasa mbili tatu nipate usingizi. Basi wallahi usingizi wenyewe sijauona. Tumefika mkondo wa Nungwi meli inapanda inashuka, watu wanatapika, mama mmoja kajifunika kanga anasoma dua, na mie nimejikunja chini ya taa ya ngazini nasoma, kila nikisema namaliza sura hii nalala, sura inakatika pahala pabaya, siwezi kulala nikaiacha hapo. Kunakucha tunaiona Pemba na mie nina sura nne tu zilobaki.

Kwa asokijua, hadithi yenyewe ni hivi. Kuna nchi inaitwa Panem, ina mji mkuu tajiri na wilaya 12, na kila mwaka kila wilaya inatoa kwa kura mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wa miaka 12 mpaka 18, jumla 24, wanatiwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, na nchi nzima inalazimishwa kutizama kwenye televisheni. Katniss, ndo msichana wa hadithi hii, ana miaka 16, jina lililotoka ni la mdogo wake Prim mwenye miaka 12, akajitoa yeye aende badala yake. Sikwambii zaidi ya hapo. Kimeandikwa na Suzanne Collins, Mmarekani, kikatoka 2008, filamu ikaja 2012. Huyu bibi kabla ya vitabu alikuwa akiandika vipindi vya watoto vya televisheni, na mie naona hapo ndo alipojifunza kumkatia mtu pumzi.

Kwa hivo ushauri wangu wa mwanzo ni huu, na ungenisaidia sana kama ningeambiwa mapema: usisimame mwisho wa sura. Kitabu kina sura 27, zimegawiwa sehemu tatu, sura tisa tisa, na karibu kila sura mwisho wake ni mtego. Ukitaka kulala usiku uende kazini asubuhi, simama katikati ya sura, pale wanapokula au wanapotembea msituni, weka alama yako, zima taa. Ukisema nimalizie sura tu, ntakukuta saa kumi za alfajiri macho mekundu.

La Kiingereza watu wanaliogopa bure. Kama umesoma skuli mpaka kidato cha tatu, cha nne, utakiweza. Anaeleza msichana mwenyewe, mimi nafanya, mimi naona, sasa hivi, sentensi fupifupi. Utakutana na maneno huyajui, majina ya mimea na ndege wengine kawabuni mwenyewe hata kwenye kamusi hawamo, wewe pita. Mie nlikuwa natia alama ya penseli chini ya neno naendelea, na mengi yakajieleza yenyewe mbele ya safari. Ukifungua kamusi kila mstari hadithi inakufa mkononi.

Sasa nije kwenye khasa nnachotaka kusema, kwa nini kitabu kwanza.

Ile likizo ilikuwa msimu wa karafuu. Nyumbani usiku tunakaa ukumbini tunachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku, vidole vinanuka mpaka asubuhi, na bibi yangu akanambia wewe unokesha na kitabu hebu tupe na sisi hio hadithi. Nkaanza kuwasimulia kwa Kiswahili, sura moja au mbili kila usiku. Nlipofika pale kwenye nafaka bibi akaacha kuchambua. Ni hivi, mtoto maskini anaweza kuchukua nafaka na mafuta ya mwaka mzima kwa mtu mmoja, lakini jina lake linaongezwa mara moja kwenye ile kura, na yale ya mwaka huu hayafutwi mwakani, yanazidi kujaa. Katniss tangu ana miaka 12 anachukua kwa watu watatu, yeye na mama yake na Prim. Tukapiga hesabu palepale kwa makonyo: majina matano ya umri wake, moja kila mwaka tangu miaka 12 mpaka 16, na matatu ya nafaka kila mwaka kwa miaka mitano ni kumi na tano, jumla ishirini. Bibi akayatizama yale makonyo ishirini yamepangwa juu ya mkeka. Akasema, kwa hivo mwenye njaa ndo anokufa. Halafu akatuhadithia miaka ya mgao baada ya Mapinduzi, yeye na foleni ya mchele, mtoto mgongoni, jambo ambalo mie sijapata kumsikia akilisema hata siku moja.

Baadae sana binamu yangu akaja na laptopu, tukaitizama filamu sote, bibi katikati. Filamu nzuri, sisemi uongo. Ile siku ya kutajwa majina, watoto wamepangwa uwanjani kimya, hakuna hata muziki, mie nlilia. Lakini tumefika kati bibi akaniuliza, mbona huyu mtoto kanyamaza? Wewe ulinambia anasema sana.

Nkakosa la kumjibu pale, lakini ndo jawabu yenyewe. Kwenye kitabu Katniss yupo kichwani mwako kuanzia mstari wa kwanza, unajua anavowaza kuhusu yule kijana aloitupa mikate ilioungua siku ya mvua wakati yeye yuko karibu kufa kwa njaa, unajua anavomkasirikia mama yake, unajua nini anakifanya kwa kweli na nini anakifanya kwa sababu kamera zinamtizama. Khasa hili la mwisho. Kwenye filamu unaona uso tu. Kwa mtu alosoma ule uso umejaa maneno, kwa asosoma ni msichana kimya anokimbia msituni na upinde. Na yale makonyo yetu ishirini kwenye filamu yanapita kwa maneno mawili matatu, ukikohoa hukusikia.

Vyengine vimebadilishwa. Ile pini ya ndege anoivaa Katniss, kwenye kitabu anapewa na Madge, mtoto wa meya, na kwenye filamu Madge hayupo kabisa, pini anaipata sokoni. Kuna mkate unaotoka Wilaya ya 11, sikwambii kwa sababu gani, mie ndo pahala panaponiuma kuliko kwengine kote kwenye kitabu, na filamu imeweka kitu chengine pale. Na filamu nayo ina vyake, inakupeleka chumba cha wale wanoendesha mchezo, wanaobonyeza moto uje, mnyama aje, na Katniss mwenyewe kwenye kitabu hawezi kuwaona kwa sababu yumo ndani ya uwanja. Hio naipenda sana. Lakini ukishawaona kwenye filamu wale watu wanabonyeza, ile khofu ya kutojua kinakuja nini huipati tena ukija kusoma.

Treila pia usizitizame, zinatoa siri nyingi mno. Na anza na hichi cha 2008 hata kama utaambiwa kuna vyengine vinaeleza miaka ya nyuma, hicho cha 2025 ni miaka 24 kabla ya mchezo wa Katniss lakini kisome mwisho, utakielewa vizuri zaidi. Ukimaliza kitabu ngoja siku tatu nne ndo uwashe filamu, isiwe usiku uleule, utakuwa unagombana nayo tu. Na wazee wenzangu, ni watoto wanauana humu, mtoto wa miaka tisa kumi mie simpi.

Mdogo wangu nlimpelekea nakala yangu kwa gari ya shamba, nliinunua mwenyewe nlipoanza kazi, ina ganda lake. Jana saa nane za usiku kanitumia meseji, yuko sura ya tisa, anataka kujua yule kijana wa mikate anasema kweli au anaigiza mbele ya kamera. Sijamjibu.