Muulize Wakili: Bwawa liko Ethiopia, ziwa ni letu

SWALI: Wakili, mimi nakausha na kuuza ngege hapa Kalokol. Mwaka 2015, Ethiopia ilipoanza kujaza bwawa la Gibe III, Ziwa Turkana lilirudi nyuma, mashua tukazisukuma kwenye tope. Baadaye maji yakapanda, yakameza banda langu. Jirani anasema Ethiopia haikusaini mkataba wowote wa mito, hivyo haina deni nasi. Ni kweli?
— Mama Ngege, Kalokol

JIBU: Mama, jirani ameshika nusu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mito inayovuka mipaka hauifungi Ethiopia. Lakini Kenya nayo, iliyoupigia kura ya ndiyo, haijauridhia, kwa hiyo tusinyoosheane vidole.

Deni lipo hata bila saini. Aprili 2010, Argentina na Uruguay zilipovutana kuhusu viwanda kando ya mto wao, Mahakama ya The Hague inayoamua kesi za nchi kwa nchi (ICJ) ilisema mradi unaoweza kuumiza vibaya nchi jirani lazima ufanyiwe tathmini ya mazingira. Tena kabla ya kazi kuanza, na madhara yaendelee kufuatiliwa mradi ukiwa hai. Gibe III ilianza kujengwa 2006, tathmini ikaidhinishwa 2008. Na Mto Omo, lilikojengwa bwawa hilo, ndio unaolipa ziwa lenu zaidi ya asilimia 80 ya maji!

Linalonikera ni kwamba mahakama hiyohiyo iliachia kila nchi iamue tathmini iwe na nini ndani. Muuzaji kapewa mizani yake mwenyewe.

The Hague huwezi kwenda wewe, huenda serikali. Na serikali yetu inanunua umeme wa Ethiopia tangu 2022. Mteja wa namna hiyo hagombi.

Mlango wako uko Nairobi. Shirika la Friends of Lake Turkana liliishtaki serikali yetu wenyewe, na Mei 2014 mahakama ikaiamuru itoe hadharani habari za mpango huo wa umeme. Fuata njia hiyo: iandikie serikali barua, taja Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachokupa haki ya kupata taarifa, uombe taarifa za maji yanayofunguliwa bwawani na ufuatiliaji wa samaki, maana mafuriko ya Omo ndiyo huwaita kuzaliana. Banda liache nje ya barua; maji yale yaliletwa na mvua nyingi, na ukiyachanganya watakushikia hapo.

Siku 21 zikipita kimya, nenda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya serikali. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, la sivyo watasema hawakuiona.